Asali, Maharage na Benki ya Hamburg

Leo nimepata aibu ya kimataifa. Sisemi ya mtaani. Ya kimataifa, yenye kumbukumbu benki.

Kwa wasiojua kazi yangu: mimi ni katibu wa ushirika wetu wa wafugaji nyuki wa Ipole. Nyuki wenyewe nawaogopa (kila mtu na kipaji chake), kwa hiyo wenzangu wanapanda miti kurina asali, mimi nashika kompyuta hapa Tabora mjini. Mwaka huu tumepata mnunuzi Ujerumani. Mapipa sitini na manne yako bandarini Dar, yanasubiri nyaraka tu.

Zamani nyaraka zilipanda basi hadi Dar, zikapanda ndege hadi Ulaya, zikakutwa na kosa la herufi moja, zikarudi. Asali imefika, karatasi bado. Sasa tumeingia kwenye hii blokcheni. Jina lisiwatishe. Ni daftari la mtandaoni ambalo kila mhusika ana nakala yake: sisi, mnunuzi, benki yake ya Hamburg, benki yetu, wakala wa meli. Mmoja akiandika, wote wanaona hapohapo. Na hakuna kufuta! Ukikosea unaandika sahihisho chini yake, mwenyekiti na makamu wanaweka kidole, na kosa lako linabaki palepale linakutazama. Ndiyo maana watu wasiojuana wanaaminiana. Haya yote niliwafundisha wajumbe wiki iliyopita, nimevaa koti. (La kuazima.)

Sasa asubuhi nilikuwa nyumbani, Cheyo. Ilibaki sehemu moja tu ya kujaza: maelezo ya bidhaa. Lazima yalingane na barua ya dhamana ya benki, yaani ahadi ya Hamburg ya kutulipa, neno kwa neno. Kidole gumba changu kina plasta (nilifungua kopo la nyanya kishujaa), nikaona isiwe tabu. Nikabonyeza alama ya kipaza sauti kwenye simu. Unaongea, yenyewe inaandika.

Nikakohoa kidogo, nikatamka kama mtangazaji wa redio: "Asali mbichi ya misitu ya miombo, mapipa sitini na manne."

Hapohapo akaingia mama mkwe, Bi Kalunde, mama mzaa mke wangu. Alifika jana kutoka Ipole kwa ajili ya kikao cha ushirika, maana yeye ndiye makamu mwenyekiti, na mizinga yake inatushinda wote. Nikasimama, macho chini, kama inavyopasa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umelalaje?"

"Salama kabisa, mama." (Uongo.)

"Haya maharage jikoni yanaungua."

"Nayaepua sasa hivi, mama."

Akatoka kwenda uani. Mke wangu akaja na kuniuliza mbona macho mekundu. Nikamnong'oneza, simu ikiwa mkononi: "Mama yako anakoroma, jamani. Nilidhani mashine ya kusaga imehamia Cheyo."

Akanichapa na kanga. Nikacheka, nikabonyeza "tuma". Sikusoma tena. Nani anasoma tena?

Saa tano tukawa ofisini. Wajumbe wamekuja na pikipiki kutoka Ipole, vumbi hadi kwenye kope. Nikawasha projekta ili wote waone ukutani jinsi dunia ilivyo ndogo siku hizi. Ujumbe wa Hamburg ulikuwa umeshafika, na mfumo umeshautafsiri. Mwenyekiti wetu, Mzee Mihambo, mwalimu mstaafu, akausoma kwa sauti ile ya kusomea matokeo ya mtihani.

"'Benki imeona tofauti. Barua ya dhamana inataja asali tu. Tafadhali fafanueni: maharage yanayoungua yako ndani ya kontena?'"

Wajumbe wote wakanigeukia.

"Katibu," akasema Mzee Mihambo, "tumeuza maharage?"

"Hapana, mzee."

"Na tumeambiwa meli inapakia kesho. Bila hawa kukubali, asali yetu haipandi. Hebu ngoja, kuna la pili. 'Je, mashine ya kusaga inayokoroma ni sehemu ya mzigo? Na mama anayetajwa ni nani?'"

Mzee akafungua maelezo niliyotuma. Yote! Shikamoo, marahaba, maharage, yakatanda ukutani kwa herufi kubwa kama ngumi. Nikaruka kuchomoa waya wa projekta. Nikachomoa wa feni. Feni ikazima, chumba kikatulia kabisa, na sauti ya Mzee Mihambo ikasikika vizuri zaidi: "'Mama yako anakoroma, jamani...'"

Mama mkwe alikuwa kiti cha mbele.

"Mama yupi huyo?" akauliza.

Mjumbe mmoja (Mungu anamwona) akanong'ona, "Si kuna mama mmoja tu aliyelala Cheyo?"

Nikapiga magoti. "Mama, nisamehe."

Hakunitazama. Akamgeukia mwenyekiti. "Sahihisho linawekwa kidole na nani?"

"Mimi na makamu."

"Makamu ndiye mimi. Andika, baba." Nikashika kompyuta. "Maharage si mzigo. Mashine ya kusaga haipo. Na Bi Kalunde wa Ipole hakoromi."

"Mama, hilo la mwisho benki hai..."

"Si wameuliza mama ni nani? Au nisiweke kidole?"

"Andika!" wajumbe wote kwa pamoja. Watu wameng'atwa na nyuki msimu mzima kwa ajili ya mapipa yale. Nikaandika. Akaweka kidole taratibu, kama mtu anayepiga muhuri hati ya shamba. Mwenyekiti akafuata.

Tukasubiri. Jasho lilinitoka (feni nani angethubutu kuirudisha?). Haikufika nusu saa, kompyuta ikalia.

"'Sahihisho limepokelewa. Nyaraka zimekubaliwa. Benki inamsalimu Bi Kalunde.'"

Vigelegele! Makosa ya zamani yalimaliza wiki nzima njiani, la leo limekwisha kabla ya chai kupoa. Mzee Mihambo akanipa mkono na kusema teknolojia hii ina faida kubwa, tatizo ni katibu.

Mlangoni mama mkwe akanisubiri. Nikainamisha kichwa, nikajua sasa ndiyo napewa zangu.

"Baba," akasema kwa upole, "na wewe unakoroma. Sema mimi nilinyamaza kwa sababu ya heshima."

Naomba sana msinicheke. Mke wangu ameshacheka kwa niaba yenu wote.