Alizeti Zilizonipa Kisogo

Jumapili, 2 Machi

Zimechanua! Nimetoka na mswaki mdomoni, nikasimama barabarani kama mteja ili nione mali yangu inavyovutia. Nimeona visogo. Safu nzima ya alizeti imeipa barabara kisogo! Nyuso zote zinatazama ng'ambo ya uzio, kwenye baraza ya jirani yangu, nesi mstaafu. Naye yuko pale, kikombe cha chai mkononi, miguu juu ya stuli, anatazamwa kama bibi harusi.

Ndiyo niliyoachia ukarani wa bima haya?

Nimemwamkia shikamoo, meno nimeyauma. Kaitikia marahaba mwanangu, halafu kanishukuru kwa maua. Kanishukuru! Mke wangu anasema alizeti zikishachanua hutazama jua linakochomoza, kila mtoto wa shule anajua. Nimemwambia asiniletee mambo ya darasani. Yule nesi anaziimbia. Nimemsikia kwa masikio yangu.

Jumatatu, 3 Machi

Mama mkwe kapita kukagua. Jumamosi mdogo wake mke wangu anaolewa, na mimi, kwa mdomo wangu huu, nilijitapa mbele ya ukoo mzima kwamba picha zitapigwa mbele ya alizeti zangu, pale kando ya barabara, wapita njia wote waone na waagize. Mama mkwe kasimama barabarani. Katazama visogo. Kauliza maua yamenuna nini.

Mke wangu alitamani ardhi ipasuke. Jioni kaniambia bila kupepesa macho: nikimwaibisha mama yake Jumamosi, Jumatatu narudi bima. Mkuu wangu wa zamani hajampa mtu kiti changu. Anakitunza makusudi, yule, ili anicheke.

Kanishauri nikate maua, niyatie kwenye ndoo, niyageuze nitakavyo. Kukata! Nimeyalea tangu mbegu. Niliacha kazi niwe mkulima, sikuacha niwe mchinjaji.

Jumatano, 5 Machi

Kamba! Nimezifunga alizeti shingoni, pole pole, nikazivuta kuelekea barabarani, nikazikaza kwenye vigingi. Mbili zimevunjika shingo. Nimelia kidogo. Nimezifunga bandeji kwa mtandio wa mke wangu, ule wa hariri, maana mgonjwa hafungwi kitambaa chochote tu.

Nesi kapaza sauti kutoka barazani: bandeji haifungwi hivyo, anzia chini kwenda juu. Nimejifanya sikusikia. Kisha nimeanzia chini kwenda juu.

Zilizobaki zimelegeza kamba na kumrudia. Aibu tupu!

Ijumaa, 7 Machi

Nimepata dawa! Kama zinampenda sana nesi, basi zimwone upande huu. Nimeng'oa mlango wa kabati letu, ule wenye kioo, nikausimamisha kando ya barabara. Akikaa barazani, sura yake inaonekana humo. Zitageuka zenyewe bila shuruti. Mke wangu kauliza zitaonaje kitu kilicho nyuma yake. Kijicho tu hicho.

Kabla ya mchana watu walikuwa wamejazana. Mwanzo nilifurahi. Kumbe wanachana nywele! Mmoja kakagua meno, mwingine kafunga tai. Hakuna hata mmoja aliyeuliza maua. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara kaja juu kweli kweli: wateja wake wanajitazama kwangu na kugundua upande mmoja wa kichwa una nywele ndefu kuliko mwingine. Kanitishia kwa mashine ya kunyolea.

Kioo kimerudi ndani. Mlango wa kabati haufungiki tena. Kesho ndiyo kesho.

Jumamosi, 8 Machi

Msafara wa harusi umefika, alizeti bado visogo vitupu. Nikakimbilia nyuma ya tangi la maji, nikajifanya natafuta bomba linalovuja. Nikamsikia mama mkwe anaguna. Nikaanza kusikia harufu ya wino wa mihuri ya bima.

Mara mke wangu akamshika bibi harusi mkono, akawazungusha watu wote hadi getini kwa nesi, akabisha hodi. Nesi alikuwa amevaa gauni lake la heshima. Uwanja umefagiwa. Viti vimepangwa. Wanawake hawa wawili walishapatana tangu Jumatatu, na mimi nahangaika na vigingi!

Halafu vigelegele! Alizeti zote, zile nyuso za dhahabu, zinamtazama bibi harusi macho kwa macho. Hata zile zenye bandeji. Mpiga picha alikuwa analala chini, anapanda kiti, anarudi chini. Mama mkwe alipiga picha kumi na hakutaka kutoka mbele.

Watu wakauliza bustani ya nani. Nikajua nesi atajitwalia sifa. Wapi! Kanyoosha kidole hadi kwenye tangi, kasema mwenye maua ni yule aliyejificha pale, anayajali kuliko wauguzi wengi aliofanya nao kazi. Nikatoka na matope magotini. Wakanipigia makofi!

Shemeji kaniomba ua moja la kushika. Mwenyewe, kwa mikono yake. Ningekataaje? Nikakata. Nikabubujikwa na machozi. Watu walidhani nalia kwa ajili ya ndoa. Mama mkwe kanipa leso yake na kuniita mwanangu, mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake. Shangazi wa bwana harusi kaagiza maua ya sherehe yake. Mke wangu kaninong'oneza kwamba kiti cha bima wampe mwingine.

Nimefurahi mno. Nimecheza hadi kiatu kimeachama.

Jumapili, 9 Machi

Nimeyatafakari ya jana. Funzo liko wazi kabisa: alizeti zinampenda nesi kupita kiasi.

Basi nimepata mpango. Nyuma ya nyumba yake kuna kiwanja kitupu. Nikizipanda huko, zitageuka zimtazame nesi, na kwa kuwa yeye atakuwa katikati, zitakuwa zinatazama barabara pia! Mwenye kiwanja kakubali. Nesi kanitakia heri na kunishika paji la uso kama anapima homa.

Mke wangu kauliza upande wa pili wa kiwanja hicho, jua linakochomoza, kuna nini. Nimemjibu ni ukuta wa vyoo vya shule, na vyoo vinahusiana nini na maua? Kacheka hadi kakaa sakafuni. Kasema basi wanafunzi watafurahi sana.

Sijui wanafunzi wameingiaje hapa. Nimeshaazima jembe.