Akili za Baba Mkubwa Mayala

Jumatatu, 14 Julai 2025

Nimeamka nikiwa na nyumba. Yaani, karibu. Baba mkubwa Mayala, Mungu amrehemu, ameandika wosia na nyumba ya Nyahanga kamwachia Salvina, binti wa kambo. Eti alimuuguza! Mimi, damu yake, nimeachiwa baiskeli. Lakini wosia wa asiye na akili timamu ni batili, na mzee kila jioni alikuwa akiweka kiti kitupu barazani na kukisalimia kwa Kisukuma: "Mwadila, mayu," yaani habari za jioni, mama. Kiti cha mkewe, aliyefariki zamani! Nimepeleka pingamizi mahakamani.

Jioni nimepita mbele ya nyumba, polepole. Vumbi la kiangazi lilikuwa limetulia juu ya bati kama usingizi. Nikajiona barazani, miguu juu, nikiitikia marahaba.

Jumatano, 16 Julai

Shahidi amepatikana! Mwigulu, jirani wa marehemu, mchimbaji wa Segese. Nimemnunulia nyama choma. Kaahidi kusema ukweli mtupu. Safi.

Nikaingia dukani kwa Jashvant kuchagua pazia. Akauliza ni la nyumba ipi. Nikamtajia. Akakunja kitambaa cha buluu taratibu, akakirudisha rafuni. Wivu! Nimebaki nimesimama, upepo wa kwenye mawazo yangu ukiijaza ile buluu.

Jumapili, 20 Julai

Baada ya misa Salvina kanifuata. Hakufoka. "Kaka Ansgar, hata mimi nilikuwa nakisalimia kile kiti. Na mimi nina wazimu?"

Vizuri sana. Sasa wako wawili!

Jioni nimenyemelea kwenda kukagua ushahidi. Kiti kipo palepale. Jua linazama, mbuzi wanarudi, moshi wa jikoni unatambaa chini chini. Nikakaa pembeni yake. Nikajikuta nimesema, "Mwadila, mayu." Nilikuwa najaribu tu! Lakini kifua kikawa chepesi, kama mtu aliyevua viatu baada ya safari. Pazia la dirishani likatikisika. Nikaondoka mbio.

Alhamisi, 24 Julai

Mahakamani. Koti la kuazima.

Hakimu kamuuliza Mwigulu kama marehemu aliwahi kuchanganyikiwa. Ndiyo, kasema, mara moja. Nikanyoosha mgongo.

"Mwaka juzi, homa ilimpanda, akasema nyumba amwachie Ansgar. Tukamkimbiza hospitali."

Watu wakaangua kicheko. Hata karani! Na nyama yangu alikula!

Hakimu kanigeukia: je, mwenye akili timamu anaweza kusalimia kiti kitupu? Nikamtazama Salvina. Alikuwa ameniona, najua. Akainamisha macho. Nilikuwa nimeapa kwa Biblia. Nikajibu kwa sauti ndogo kwamba anaweza.

Pingamizi limetupwa. Nje Salvina kanikaribisha chakula. Nilikusudia kukataa. Nimekula sahani mbili, barazani. Kwa kweli panapuliza upepo mzuri.

Jumapili, 27 Julai

Habari kutoka Ushirombo! Shangazi Nelly, mjane asiye na mtoto, mwenye shamba la mihogo linaloteremka hadi bondeni, ameanza kusahau watu. Amefikia kumwita mjukuu wa jirani Luka, jina la marehemu mumewe. Ukoo mzima unasikitika.

Mimi nimefunga begi. Kosa langu lilikuwa kuchelewa tu! Safari hii nawahi kabla ya wosia. Nitampikia uji, nitamwotesha jua asubuhi, ukungu ukiinuka shambani mwangu. Na nitaapa mbele ya hakimu yeyote kwamba akili zake ni timamu kuliko zangu.

Akiniita Luka, nitaitika.