Kunyimwa Uchafu Wangu wa Ploti Namba Tisa

Ploti Na. 9,
Vishamba vya Mtaa wa Gesi,
Scarrowburn.
Jumatatu, 8 Septemba

Kwa Bw. Pattinson,
Ofisa wa Ardhi Iliyochafuka,
Halmashauri ya Mji.

Ndugu Ofisa,

YAH: KUTANGAZWA MSAFI BILA RIDHAA YANGU

Kichwa cha barua kinajieleza, lakini kwa kuwa ofisi yako imeonyesha ugumu wa kuelewa mambo yaliyo wazi, nitaeleza.

Barua yako nililetewa Ijumaa. Niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, na mara zote mbili ilinivunjia heshima. Inasema wataalamu wako wametoboa mashimo ya uchunguzi kwenye vishamba vyetu, kwa kuwa zamani palikuwa na kiwanda kilichopika makaa ya mawe kutoa gesi ya taa na majiko. Inasema ploti namba kumi, ya jirani yangu Mavis Stobbs, imekutwa na lami pamoja na sumu nyingine zenye majina marefu. Halafu inasema ploti yangu, namba tisa, "haina tatizo lolote".

Kwa hiyo Mavis ataletewa katapila, udongo mpya mweusi wa kina cha sentimita sitini, na uzio mpya. Mimi nimeletewa barua.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nalalamika kama ifuatavyo:

1. Marehemu baba yangu alisukuma makaa kwenye matanuri ya kiwanda hicho kwa miaka ishirini na sita. Alinionyesha kwa kidole mahali lilipozikwa tangi la lami, nyuma ya hapa ninapokaa sasa kwenye banda langu, akaniambia: "Hapo, mwanangu, usije ukapanda karoti." Nilipanda karoti. Zilikuwa na ladha ya barabara.

2. Katika utoto wetu, mtoto akishikwa na kifaduro, mama zetu walimleta kiwandani asimame kando ya lami avute hewa yake. Mimi mwenyewe nililetwa nikiwa na miaka minne, nikiwa nimefungwa skafu mpaka machoni, na nikapona. Daktari alisema ni muda tu ulioniponya, lakini daktari hakuwepo. Je, mahali pasipo na kitu pangeponya mtoto wa watu?

3. Nikichimba kwa kina cha koleo mbili, napata mabonge ya udongo wa buluu, yaani ule uchafu uliobaki kiwandani baada ya kuchuja gesi. Mwaka fulani mke wangu Sheila alifua soksi zangu pamoja na shuka. Tangu hapo tunalala kwenye buluu, na Sheila hajasahau.

4. Nakuja kwa mtaalamu wako, dada Anjali Nair. Sina ugomvi naye. Hubadilisha glavu kila shimo kama daktari wa upasuaji, na chai yangu huinywa bila kuuliza maswali. Lakini aliponikabidhi barua yako alinipa mkono akasema, "Hongera, mzee! Tisa ni safi." Hongera! Nikachota gao la udongo nyuma ya banda nikamsogezea puani.

"Nusa, mwanangu."

"Haturuhusiwi kunusa, mzee. Tunapeleka maabara."

"Nusa kidogo tu, kwa heshima ya mvi zangu."

Hapo Mavis akapaza sauti kutoka ng'ambo ya uzio: "Cuthbert, mwache mtoto wa watu! Kama unataka kunuka, vua buti!" Dada Anjali alicheka mpaka akakaa kwenye toroli langu. Naomba tukio hilo lisiingizwe kwenye ripoti.

5. Hili ndilo lenye uzito. Jumamosi hii ni Maonyesho ya Liki. Huenda ofisini kwako watu hudhani liki ni kitunguu kilichorefuka. Sisi hapa liki tunaipima kwa utepe, na mwenye nene kuliko zote hutembea mji mzima kwa mwaka mzima bila kuinamisha kichwa. Mavis ameshinda miaka kumi na moja mfululizo. Miaka hiyo hiyo kumi na moja, wa pili ni mimi. Sasa serikali inampa udongo mpya, na katapila la kumchimbia! Mwakani nitakuwa wa pili kwa taabu. Halmashauri haina mamlaka ya kuingilia mashindano ya liki.

6. Kwa hiyo naomba: (a) ploti yangu itangazwe chafu, (b) iwe chafu kuliko ya Mavis, kwa tofauti itakayosomeka bila miwani, (c) nipewe udongo wa sentimita sitini na tano, tano zikiwa za usumbufu, na (d) kama kweli uchafu haupo, ofisi yako ieleze ni nani aliyeuchukua, maana nilipotia saini mkataba wa ploti ulikuwepo, na mimi nauhesabu kuwa sehemu ya mali niliyokodi.

Nisalimie mkeo, wenzako wote wa ghorofa ya pili, na yule mama wa mapokezi mwenye kikohozi. Mwambie aje ploti namba tisa avute hewa.

Wako katika uchafu wa haki,

Cuthbert Hepple
Makamu Bingwa wa Liki (mara kumi na moja)

Nyongeza: Bahasha nilikwisha kuilamba. Nimeichana, kwa sababu Mavis amekuja. Kamati ya Maonyesho imemwandikia kwamba liki za ploti chafu haziwekwi mezani, kwa kuwa baada ya mashindano zote hupikwa supu ya wastaafu. Ameshika koleo. Amesema, "Nisaidie kuzing'oa, Cuthbert. Nimejaribu mara mbili, mikono imekataa. Na Jumamosi ukishinda, shinda vizuri." Hakunitania hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma. Nimemwambia asubiri nimalize barua. Amekaa nje juu ya ndoo.

Ndugu Ofisa, nakiri kwamba kwa muda wa kikombe kimoja cha chai nilikuwa bingwa, na chai ilikuwa tamu.

Dada Anjali alipigilia vigingi vyenye namba kuonyesha pa kutoboa. Changu kilisimama katikati ya liki zangu. Alipogeuka kunywa chai, nilikihamishia kwa Mavis, pale alipokwisha vuna viazi, na chake nikakileta nyuma ya banda langu ili hesabu isipungue. Sikutaka liki zangu zitobolewe, wala namba yangu iandikwe juu ya tangi alilonionyesha baba. Wakati huo sikujua kwamba mwenye uchafu hupewa udongo mpya, nilidhani hufukuzwa. Dada Anjali hana kosa. Shimo namba kumi ni langu, na uchafu wote ni wangu, kama nilivyothibitisha hapo juu kwa ushahidi mzito.

Tafadhali iandikie Kamati kabla ya Jumamosi kwamba liki za Mavis ni safi. Zangu nitaziondoa mwenyewe.

Sasa natoka kumwambia. Barua hii nitaileta kwa mkono wangu kesho saa tatu asubuhi. Nisipofika, kumbuka kwamba koleo analo yeye.