Boti ya Bi Hajira Haiwaki

Ukasha wa Kabuku hakuwa fundi, lakini alikuwa na ovaroli ya bluu, na katika nchi yetu ovaroli ya bluu ni nusu ya cheti. Nusu ya pili aliibeba mdomoni. Alikuwa pia na pikipiki, mali yake pekee isiyokuwa na mlalamikaji.

Siku moja, akinywa chai karibu na stendi ya Korogwe, alimsikia Mathias, tajiri wa mchanga, akilalamika meza ya jirani. Ana pikapu mbili, lakini mvua zikija Mto Pangani unamtenga na vibarua wake.

"Nikipata boti inayowaka, pikapu moja naitoa leo leo!"

"Boti ipo Kilole, kwa mjane Bi Hajira," mwenzake akamjibu. "Ila kuwaka kwake ni shida."

Ukasha aliiacha chai nusu.

"Shikamoo mama," alisema saa moja baadaye. "Mimi ni fundi wa injini za majini."

"Marahaba, mwanangu. Za majini, hapa Kilole? Mbona hatujawahi kukuona?"

"Naitwa sana mbali, mama."

Boti ilikuwa juu ya tela lake nyuma ya jiko, na kuku wawili wameifanya kwao. Ukasha alizunguka nyuma, akainama, akainuka na uso wa msiba.

"Pangaboi limeibwa."

"Hii haina pangaboi, mwanangu. Inafyonza maji chini, inayatema nyuma kwa nguvu. Ndivyo inavyokwenda."

"Najua. Nilikuwa nakupima."

Akafungua injini, akachomoa plagi nzima na kuchomeka mbovu alizokuja nazo mfukoni, upesi kiasi kwamba hata kuku waliokaa pale hawakuona. Akazungusha ufunguo. Kwi-kwi-kwi-kwi. Kimya. Akaweka kiganja juu ya injini kama mtu anayetafuta mapigo ya moyo.

"Pole, mama. Umefiwa mara ya pili."

"Haiponi?"

"Milele. Lakini mimi nina huruma. Nitaibeba kama chuma chakavu, nikuachie pikipiki yangu."

Bi Hajira alikaza fundo kwenye pindo la khanga yake. "Na ikiwaka, je? Watu watasema umemdhulumu mjane."

Ukasha alikuwa na ugonjwa mmoja: kila uongo wake ni lazima aufunge kwa kiapo. "Tuandike, mama! Ikiwaka mikononi mwangu hata mara moja, boti ni yako na pikipiki ni yako!"

Wakaandika mbele ya mwenyekiti wa mtaa, mzee Dominiko, aliyegonga muhuri mpaka meza ikalia. Ukasha hakujali. Karatasi itabaki Kilole. Boti itawaka huko bondeni, ambako hakuna wa kuona.

Siku ya pili, baada ya kukubaliana na Ukasha boti kwa pikapu, Mathias alilivuta tela hadi mtoni, wakaishusha boti majini, nyuma yake ikielekea ukingoni. Ukasha alirudisha zile plagi nzima, akatabasamu, akazungusha ufunguo. Kwi-kwi-kwi. Kimya. Akasugua vichwa vya betri. Kimya. Akanyonya bomba la mafuta mpaka petroli ikamwingia mdomoni. Kimya.

"Fundi," Mathias akauliza, "unaitibu au unaichinja? Saa kumi mimi na pikapu yangu tunaondoka."

Ukasha akasogea pembeni, akampigia simu Bi Hajira. "Shikamoo mama. Hivi marehemu alikuwa anaiwashaje? Nauliza kwa elimu tu."

"Kwa elimu, nitakuja mwenyewe."

Alikuja juu ya ile pikipiki, akiendeshwa na bodaboda mmoja aliyefunikwa na helmeti mpaka kidevuni. Moyo ulimuuma Ukasha: tayari mali yake ina dereva! Bi Hajira akafungua fundo la khanga, akatoa kamba nyekundu yenye kipini mwishoni.

"Kipini hiki unachomeka kando ya swichi, kamba unaifunga mkononi. Ukitumbukia mtoni kinachomoka, injini inazima. Bila hiki haiwaki, hata uvae ovaroli tatu."

Ukasha aliikumbuka karatasi. Akatazama huku na huku: mjane, tajiri asiyejua lolote, na bodaboda. Kisha akaitazama pikapu. Akachomeka, akazungusha.

Injini ikanguruma! Maji yakafyatuka nyuma, yakapanda ukingo, yakamlowesha bodaboda kuanzia helmeti hadi viatuni. Yule mtu akavua helmeti ajifute. Alikuwa mwenyekiti Dominiko. Akatoa mfukoni karatasi iliyofungwa kwenye nailoni, kavu kabisa, akaisoma kwa sauti ya mkutano.

Ukasha akachomoa kipini haraka. "Mwenyekiti, imekufa tena!"

"Pole sana. Hapa imeandikwa hata mara moja."

Mathias alikuwa ameshamfuata mjane. "Shikamoo mama. Pikapu, unapenda nyeupe au ya bluu?"

"Nyeupe, baba."

"Mama," Ukasha akanong'ona, "ulinijuaje?"

"Fundi wa kweli angeuliza kwanza kamba iko wapi. Wewe ulililia pangaboi."

Ukasha alianza kupanda njia kwa miguu, matope yakidondoka kwenye ovaroli. Dominiko akamwonea huruma. "Bi Hajira, tumpakie hadi barabarani?"

Bi Hajira alimtazama Ukasha juu mpaka chini, kisha akaitazama pikipiki.

"Apande nyuma ya pikapu. Kiti changu nimekifuta asubuhi hii."