Magari Matatu ya Kimya

Jumatatu, 3 Juni

Kikao cha asubuhi. Meneja kasimama, sisi tumekaa. Dalili mbaya. Haibridi tatu ziko kwenye ukumbi wetu wa kuuzia magari tangu Januari, zinafutwa vumbi tu. Injini ya petroli na mota ya umeme ndani ya gari moja, zinasaidiana. Makao makuu wanauliza kwa nini hazitoki. Meneja naye anatuuliza sisi. Asiyeuza hata moja kufikia Ijumaa ya wiki ijayo anahamia stoo ya vipuri, huko nyuma kusiko na dirisha. Miaka kumi na tisa nimekaa meza ya mbele, penye kioo!

Tukagawiwa vijitabu vya maelezo. Changu nimeangalia jalada. Jalada zuri. Dada wa meza ya pili, tunayemwita Kalamu kwa sababu kalamu haimtoki sikioni, amekwenda na chake nyumbani kukisoma. Namwonea huruma. Gari huuzwa kwa mdomo.

Jumanne, 4 Juni

Mpango! Kila anayenunua haibridi anapewa ekstensheni ya umeme bure, mita kumi. Nimenunua tatu, nimezifunga utepe.

Mteja wa kwanza: mwalimu mstaafu, mama mpole. Akauliza gari linachomekwa wapi, maana anakaa ghorofa ya nne. Nikamwambia waya unapita dirishani. Akauliza majirani wa chini watasemaje. Nikamwambia ipo ya mita ishirini. Akaniaga kwa adabu, akaenda zake.

Kalamu akanivuta pembeni. Akanieleza taratibu kwamba haibridi hizi hazichomekwi popote. Zinajichaji zenyewe zikitembea, na kila ukikanyaga breki. Nikamjibu najua. Nilikuwa nampima mteja.

"Sasa umeshampima, kaka," akasema, akatoka mbio kumfuata mwalimu kwenye maegesho.

Tabia ya kukimbilia wateja siipendi.

Jumatano, 5 Juni

Tatizo nimeligundua. Kimya! Leo muuza vitambaa kabonyeza kitufe cha kuwasha, hakusikia kitu. Akabonyeza tena. Na tena. Akasema gari limekufa. Kumbe limewaka. Akashikashika gia, likasogea lenyewe, polepole, kwa heshima zote, likavunja chungu cha maua cha meneja. Mteja akashuka huku akijipangusa, akaondoka.

Watu wanataka gari linalonguruma. Dawa yake ninayo.

Alhamisi, 6 Juni

Alfajiri nimerekodi lori la jirani likipashwa moto. Nikaficha simu chini ya kiti. Wakaja bwana na bibi, bado wanashikana mikono. Nikawaketisha mbele, nikabonyeza kitufe. Mngurumo safi! Bwana akatabasamu. Bibi akauliza mbona injini inabweka. Mbwa wa jirani! Sikumfikiria.

Kabla sijajibu, mngurumo ukakatika. Sauti ya mke wangu ikatokea kwenye milango yote minne: "Baba Pacha, ile dawa ya fangasi ya miguu umenunua, au nipitie mimi?"

Simu ilikuwa imejiunga yenyewe na spika za gari, na alipopiga ikajipokea. Bwana akasifu spika. Hawakununua.

Jumamosi, 8 Juni

Daktari wa meno kaja na fundi wake wa gereji. Fundi akafungua boneti, akaona nyaya nene za rangi ya chungwa, za umeme mkali, akaifunga polepole, kama anayefunga mlango wa chumba alimolala mtoto mchanga.

"Hii mimi siigusi, daktari. Na wewe usiiguse."

Nikaingilia haraka. Nikasema betri hii inadumu milele. Daktari akaomba hiyo milele niiandike kwenye karatasi na kutia sahihi. Nikaenda kutafuta karatasi. Nilikaa chooni dakika ishirini. Kurudi, hawapo.

Basi, akili mpya. Nimewaandikia makao makuu. Watu wa mji huu haibridi hawazitaki, hakuna hata anayeziulizia, wazichukue. Magari yakiondoka, hakuna cha kushindwa kuuza, hakuna wa kuhamishwa! Nimetia sahihi kwa niaba ya ukumbi mzima.

Jumatatu, 10 Juni

Shemeji! Kaka yake mke wangu, dereva wa teksi. Juzi tukila aliniuliza habari za haibridi, nikamwambia aachane nazo. Lawama za ukoo sizitaki. Leo kaingia, kanisalimia kwa mikono miwili, kanipita, kakaa meza ya Kalamu.

Nikajifanya natafuta pini karibu yao. Dada wa watu alimuuliza kwa siku anakwama foleni saa ngapi, na mafuta anatia mara ngapi. Akamwambia wazi kwamba kwenye safari ndefu za barabara kuu asitegemee nafuu kubwa. Lakini mjini, simama-twende, simama-twende, hapo ndipo gari hili linapokula kidogo. Akamwita fundi wetu amwonyeshe betri ilipo na waranti yake ya miaka minane. Minane tu! Mimi daktari nilimpa milele.

Walikaa saa mbili nzima. Shemeji kanunua. Mchana yule mwalimu mstaafu naye karudi, kanunua. Kwa Kalamu.

Nyumbani mke wangu anaosha vyombo. Anazitabasamia sahani, si mimi.

Jumatano, 12 Juni

Makao makuu wamejibu! Siku nne tu! Wameshukuru kwa taarifa. Asubuhi limekuja lori, limebeba gari la tatu. Na haibridi kumi na mbili zilizokuwa njiani kuja kwetu wamezipeleka mji mwingine. Nimepumua. Chai imeshuka vizuri.

Ijumaa, 14 Juni

Saa nne asubuhi wameingia madereva tisa wa teksi. Kijiwe kizima cha shemeji. Wanataka haibridi. Tisa!

Meneja akawakaribisha chai, akapiga simu makao makuu, sauti kubwa ili wote wasikie. Simu ikamsomea barua yangu, neno kwa neno, mpaka jina langu. Mzigo mwingine ni baada ya miezi minane. Madereva wakamaliza chai yao, wakashukuru, wakaondoka mmoja mmoja.

Nilingoja meneja afoke. Hakufoka. "Chukua kikombe chako, mzee," akasema. Kalamu aliangalia sakafu. Hilo ndilo lililonichoma. Nikachukua kikombe.

Jumatatu, 17 Juni

Stoo. Ni baridi, lakini tulivu. Nimepata nafasi ya kufikiri, na nimeona kosa lilipokuwa. Si langu. Magari yote matatu yalikuwa ya kijivu. Nani anunue kijivu?

Hapa watanitambua. Nimetoa vipuri vyote kwenye rafu na kuvipanga upya kwa ukubwa wa boksi, lebo zikitazama ukutani. Mpangilio ninaujua mimi peke yangu. Ndani ya mwezi mmoja hakuna atakayepata hata skrubu bila kuniita. Watanibembeleza!

Mchana fundi kaja kuomba filta ya oili. Tumeitafuta wote wawili saa moja na nusu. Hata mimi sikuipata.

Mpango unafanya kazi.