Mashimo ya Utafiti Kwenye Kiwanja cha Mama Yangu

Sufian Khatib Faki,
Xiaobei, Guangzhou, China.

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Ofisi ya Mambo ya Kale,

Nawasalimu kutoka ugenini, nyinyi pamoja na makoleo yenu.

Mimi ni mfanyabiashara wa jinzi hapa Guangzhou, na ndiye mwenye ile nyumba ya kijijini kwetu Kanisani ambayo haijawa nyumba kwa sababu yenu. Namjengea mama yangu, Bi Swalha, anayeishi peke yake kwenye kibanda pembeni mwa kiwanja hicho hicho. Mmesimamisha ujenzi ili kwanza mchimbe mashimo ya utafiti, eti kwa kuwa jirani kuna gofu la kanisa la Wareno. Malalamiko yangu ni haya:

1. Gofu hilo tumezaliwa tukalikuta. Sisi ni Waislamu, lakini hatujawahi kukwaruzana nalo. Kanisa lenyewe halijalalamika.

2. Mtaalamu wenu, Dokta Benedicta, ameokota shimoni vipande vya bakuli, akaandika kwamba lilitoka China miaka mia tano iliyopita. China ndiko niliko. Mngenipigia simu tu. Picha nimempelekea laoban wangu, bosi wa duka la vyombo, akasema atanitengenezea kama hilo kabla ya Ijumaa, na nikitaka lije limeshavunjika, pia inawezekana.

3. Bakuli hilo liliingia nchini bila risiti wala kibali, na leo mnalifunga kwenye pamba kama yai. Marumaru zangu za sakafuni zimetoka nchi hiyo hiyo, zina karatasi zote, na zimelala bandarini. Kama siri ni kuvunjika na kufukiwa, nijulisheni, niwaagize makuli.

4. Kwa mwendo huu, msingi wangu utatimiza umri wa kulindwa kisheria kabla haujaona ukuta.

5. Hili ndilo linaloniuma hasa. Mama akinipigia simu haulizii nyumba tena. Ananieleza tabaka za udongo. Juzi nilimwomba achague rangi ya marumaru, akasema ana haraka, kuna vipande vya wataalamu wenu vinamsubiri avioshe, akakata simu. Mimi mwanawe!

Kwa hiyo naomba mashimo yafukiwe wiki hii, wataalamu waondoke, na fundi Chacha arudi kazini. Mama ni mtu mzima. Anahitaji nyumba, si wageni.

Nisalimieni wote hapo ofisini, hata mtunza stoo aliyewakabidhi hayo makoleo.

Wenu kwa heshima, na kwa hasira kidogo,
Sufian

Nyongeza: Kabla ya kutuma barua hii nilimsomea mama kwenye simu, nikitegemea dua. Akaniuliza, wakiondoka atakula na nani. Anasema tangu baba afariki hajawahi kupikia sufuria kubwa, mpaka walipokuja watu wenu. Basi yote niliyoandika hapo juu yaacheni. Upande wa kisimani bado hamjachimba. Chimbeni na huko, tena taratibu.