Gundu la Mwenyekiti wa Tawi

Jumapili, 4 Mei
Mwangaza ni bingwa wa ligi! Na mimi, Seleman, mwenyekiti wa tawi la mashabiki wake hapa Mpanda, sikuona goli hata moja. Nilikuwa nje, kwenye meza ya chipsi, nikisikiliza wenzangu wakishangilia ndani ya kibanda umiza cha Machibya, tunapolipa kutazama mpira. Aliyenitoa ni katibu wangu, Hadia, muuza mitumba wa Kashaulili. Anadai nina gundu. Nikikaa mbele ya skrini tunafungwa, nikitoka tunarudisha. Leo nimetoka, tukarudisha na kuongeza. Muuza chipsi amenipa pole. Nimefurahi na nimeumia, sijui kipi kimezidi.

Makao makuu wametangaza: tukichukua na kombe la Afrika, litatembezwa mikoani, na kila mahali mwenyekiti wa tawi ndiye atakayelinyanyua. Mimi! Mbele ya Mpanda nzima! Mke wangu Zakia amesema ninyanyue kwanza gunia la mchele lililokaa mlangoni tangu Ijumaa. Haelewi mpira.

Jumatano, 7 Mei
Nusu fainali ya Afrika, marudiano. Nimepata mbinu. Gundu linatoka kwa mtu aliyekaa ndani, na nje si ndani. Nikatoboa bati la Machibya kwa msumari, upande wa nyuma, nikachungulia kwa jicho moja. Picha safi kabisa. Hapo hapo tukafungwa. Nikapiga kelele kwamba ni ofsaidi. Kosa! Kibanda kizima kikageukia ukutani. Machibya akaja na gunzi la hindi, akaziba tundu, akaniuliza kwa upole kama kwangu hakuna mabati ya kutoboa. Gunzi lilipoingia tu, tukafunga mawili. Tuko fainali. Hadia akalitazama gunzi. Kisha akanitazama mimi.

Jumamosi, 10 Mei
Niliwaza mpaka chai ikafurika jikoni. Hili gundu ni silaha! Kwa nini nilimalizie kwa watu wangu? Leo ni fainali ya Kombe la Taifa, sisi na watani wetu Dhoruba. Nimemwambia Hadia nitakwenda kukaa na mashabiki wa Dhoruba, kule kwenye kibanda chao barabara ya Kakese, niwamwagie gundu lote. Kwa mara ya kwanza amekubali wazo langu bila kucheka. Akasema iwe siri yetu wawili, hata wanachama wasijue, maana likivuja halitafanya kazi. Ana akili huyu mama, lazima nikiri.

Apolinari, mwenyekiti wa Dhoruba, alinipokea kwa kunikumbatia. Anaamini nimehama. Akanivisha jezi yao ya rangi ya chungwa, inabana kwapani. Dhoruba wamepigwa tatu bila. Tatu! Ilibidi nishike tama kama aliyefiwa, huku mbavu zinaniuma kwa kicheko nilichokimeza.

Jumapili, 18 Mei
Fainali ya Afrika, mechi ya kwanza, ugenini kwa Waarabu. Dhoruba wote wanawashangilia Waarabu, kama kawaida ya watani. Na mimi nikawashangilia, tena kwa sauti. Sare. Ugenini! Apolinari amesema nina uchungu na Dhoruba kuliko waliozaliwa nayo. Nimejikuta nafurahia hiyo sifa. Kule kwetu sijasifiwa tangu nichaguliwe.

Jumapili, 25 Mei
MABINGWA WA AFRIKA! Goli moja, dakika za nyongeza. Furaha ikanizidi. Machozi yakatoka, nikaanguka, nikapiga sakafu kwa ngumi. Dhoruba wakadhani ni uchungu, wakanipepea kwa kofia. Kuna aliyenirekodi. Kabla sijafika nyumbani, video ilishaingia kila grupu la WhatsApp mkoani: shabiki wa Dhoruba azimia Mpanda. Zakia ameniuliza imekuwaje nikalia vile, wakati kwenye harusi yetu sikutoa hata chozi moja.

Jumanne, 27 Mei
Kikao cha dharura cha tawi. Wameniita mamluki. Nikaeleza mpango wote, mwanzo mpaka mwisho, nikamwomba Hadia athibitishe. Hadia akasimama, akaweka mtandio wake vizuri, akasema hajawahi kusikia mpango wowote, na kwamba jambo hili linamuuma sana. Wakapiga kura. Hata Machibya alinyoosha mkono, na yeye si mwanachama. Mwenyekiti mpya ni Hadia.

Alhamisi, 29 Mei
Kombe limefika. Linang'aa kuliko kwenye TV. Hadia amelinyanyua na umati ukapagawa. Nilipenya mpaka mbele kabisa. Nadhani alinionea huruma, maana aliniita nije niguse. Nikanyoosha mkono. Wanachama wakapiga kelele: gundu! Mama mmoja akatoa kitenge begani, akalifunika kombe lote. Nikagusa kitenge. Imeniuma, siwezi kuficha. Nimerudi nyumbani kwa njia ya nyuma ili nisipite sokoni.

Jumapili, 1 Juni
Apolinari amekuja kunitembelea. Anaachia uenyekiti wa Dhoruba. Anasema msimu mzima bila kombe umemchosha, na hajawahi kuona mtu akiililia timu kama mimi. Anataka nimrithi. Nilikubali kabla hajamaliza chai. Nimemwita Zakia nimpe habari kwamba mumewe ni mwenyekiti tena. Akauliza wa timu ipi, akarudi jikoni kabla sijajibu.

Nimeanza kazi papo hapo. Nimekumbuka siku zote nilizokaa na watu wa Dhoruba. Hakuna hata siku moja waliyotoka na furaha. Hii si bure, lazima kuna mtu pale ana gundu. Nimelifikiria jambo hili kwa makini, bila upendeleo. Kila siku, kiti cha pembeni yangu, alikuwa amekaa Apolinari. Nimemweleza kwa heshima zote kwamba msimu ujao atakuwa anasikilizia nje.